Sauti Mbili Katika Wimbi Moja

Kila mwenye kusikiliza redio usiku ameonja taabu ya makelele. Mara radi huzima maneno ya msemaji, mara kituo cha mbali hujipenyeza juu ya kile cha karibu. Desturi yetu ni kukigonga chombo, kisha kumlaumu fundi, au jirani mwenye mashine. Na mara nyingi lawama huwa ya haki. Lakini mwaka 1933 yalisikika huko Ulaya makelele ambayo mwenye kosa hakuonekana katika chombo wala kwa jirani, na habari zake zafaa kusimuliwa.

Mwaka ule Bwana Bernard Tellegen, Mholanzi, alikuwa akifanya kazi katika maabara ya Philips mjini Eindhoven. Hakuwa mgeni wa mambo ya redio. Mwaka 1926 yeye ndiye aliyebuni valvu iitwayo pentodi, iliyotumika baadaye katika redio nyingi sana. Alipokuwa akisikiliza kituo cha Beromünster, katika nchi ya Uswisi, alisikia nyuma ya matangazo yale sauti nyingine, hafifu lakini dhahiri. Ilikuwa sauti ya kituo cha Luxembourg. Jambo hili lilikuwa la ajabu, kwa maana mawimbi ya vituo hivyo viwili hayakukaribiana hata kidogo. Wimbi la Beromünster lilikuwa na urefu wa mita 460, na lile la Luxembourg mita 1190 hivi. Ni kana kwamba watu wawili wameshika njia mbali mbali, nao wakapigana vikumbo.

Shaka ya kwanza huangukia chombo cha kupokelea, kwa kuwa kituo chenye nguvu kikiwa karibu huweza kukilemea chombo hata kikachanganya sauti. Lakini Luxembourg ilikuwa mbali na Eindhoven kadiri ya kilomita 200. Tena chombo kilicholemewa hivyo hakichagui, bali huweza kuitia sauti ya mwenye nguvu katika vituo vingine pia. Shaka ya pili iliweza kuangukia Luxembourg yenyewe. Kituo hicho kilikuwa kipya, chenye nguvu kupita kilowati 100, nacho kilikuwa kimekwisha kulaumiwa kwa kujitwalia wimbi refu pasipo ridhaa ya mataifa mengine. Aliyekwisha kushtakiwa kwa neno moja ni rahisi kuhukumiwa kwa la pili. Walakini lawama hiyo haikueleza kitu. Luxembourg haikuhama katika wimbi lake. Sauti yake ndiyo iliyopanda juu ya wimbi la Beromünster.

Basi Bwana Tellegen aliandika habari hizo mwaka ule ule katika gazeti la elimu liitwalo Nature, ili wenye maarifa wazipime. Na mtu akiitazama ramani aona jambo: Luxembourg iko karibu na mstari unaotoka Beromünster kwenda Eindhoven. Maana yake, wimbi la Uswisi lilipita katika anga la Luxembourg kabla ya kufika Uholanzi.

Habari za anga zilikuwa zimeanza kujulikana. Mwaka 1902 Bwana Kennelly wa Marekani na Bwana Heaviside wa Uingereza walifikiri kwamba juu sana pana tabaka liwezalo kuyarudisha mawimbi chini. Mwaka 1924 Bwana Appleton alithibitisha kwamba tabaka hilo lipo kweli, na mwaka 1947 akapewa Tuzo ya Nobel.

Mwaka 1934 Bwana Bailey na Bwana Martyn, waliofanya kazi Australia, walilifumbua fumbo. Katika tabaka lile zimo chembe ndogo mno za umeme, yaani elektroni. Wimbi lenye nguvu nyingi likipita huzitikisa, zikapata joto na kugongana na hewa mara nyingi zaidi. Kila sauti ya Luxembourg ilipopanda na kushuka, mtikiso ule nao ulipanda na kushuka. Wimbi la Beromünster lilipopita pale pale lilipunguziwa nguvu kwa kipimo hicho hicho, likafika Eindhoven limechukua chapa ya sauti isiyo yake.

Jambo hilo likaitwa athari ya Luxembourg. Baadaye wenye elimu walijenga mitambo ya kulitikisa tabaka lile kwa kusudi, kama ule wa Tromsø nchini Norwei, ili wajifunze tabia zake.

Hivyo chombo hakikuwa na kasoro, wala mafundi wa Luxembourg hawakufanya hila katika neno hili. Mbingu, iliyodhaniwa kuwa njia tu ya kupitishia sauti, yenyewe ndiyo iliyozichanganya. Hayo yasingalijulikana kama Bwana Tellegen angalizungusha kitufe, akatafuta kituo kingine, akanyamaza. Waalimu na wawaulize watoto: Je, ukisikia neno usilolielewa, utaanza kwa kulaumu, au kwa kusikiliza tena?