WATOTO NA WOGA, SEHEMU YA 6: Mchawi wa kijani na mwalimu wa chekechea

Wiki iliyopita tuliongea kuhusu giza. Leo ni yale madude ya kwenye televisheni.

Naanza na kosa langu. Binti yangu alipokuwa na miaka minne aliona zimwi kwenye filamu kwa jirani. Usiku akaja kitandani kwangu analia. Nilikuwa nimetoka zamu, nimechoka hoi. Nikamwambia, "Lala, lile siyo la kweli," nikamrudisha chumbani kwake. Akaanza kukojoa kitandani wakati alishaacha. Nami, nesi mzima, nikawa namgombeza kila asubuhi. Nilikuja kuelewa baadaye, na kilichonifungua macho ni historia hii ninayowapa leo. Chukua chai, ni ndefu kidogo.

Mwaka 1939 huko Marekani ilitoka filamu ya The Wizard of Oz. Ndani yake kuna mchawi wa kike, uso wa kijani, kofia nyeusi iliyochongoka, anapaa na ufagio. Aliyeigiza ni Margaret Hamilton. Jamani, huyu mama kabla ya filamu alikuwa mwalimu wa chekechea! Alipenda watoto. Hata ile rangi ya kijani ilimtesa yeye mwenyewe, maana ilikuwa na shaba ndani yake. Walipokuwa wanarekodi tukio la mchawi kutoweka kwenye moshi, moto ulimuunguza usoni na mkononi, akakaa wiki kadhaa bila kufanya kazi.

Kwenye sinema mtoto angemuona mara moja, basi. Lakini mwaka 1956 filamu ile ikaonyeshwa kwenye televisheni, na kuanzia 1959 ikawa inarudi kila mwaka. Mchawi akaingia sebuleni. Vizazi vya watoto wa Marekani wakakua wanamuogopa mtu ambaye kwa kweli alikuwa mwalimu wao.

Sasa sikiliza visa viwili, vimepishana kwa muda mfupi tu.

Mwaka 1975 Hamilton alialikwa kwenye kipindi cha watoto cha Fred Rogers, yule baba mpole aliyekuwa akiongea na watoto polepole kama yuko nao mezani. Mama wa watu akaja na nguo zake za kawaida. Wakaongea kuhusu kuigiza. Kisha zikaletwa nguo za mchawi, akazivaa moja moja mbele ya watoto, mwisho kofia. Akacheka kile kicheko chake. Watoto wakaona kwa macho yao kwamba ndani ya zile nguo kuna bibi mmoja mcheshi.

Februari 1976 akaalikwa Sesame Street, kipindi ambacho ndugu yake wa hapa kwetu ni Kilimani Sesame. Safari hii alikuja akiwa mchawi kamili, uso kijani na vitisho juu. Ufagio wake umeanguka mtaani, kijana aitwaye David anakataa kumrudishia mpaka awe na adabu. Mtu mzima akiangalia anacheka. Lakini barua za wazazi zikamiminika: watoto wanalia, watoto wanaogopa. Kipindi hicho hakikurudiwa tena kwenye televisheni. Kilikaa kabatini mpaka nakala yake ilipovuja intaneti mwaka 2022.

Mwigizaji ni yuleyule, mchawi ni yuleyule. Tofauti ni kwamba kwa Rogers mtoto aliona mtu anavyogeuka kuwa mchawi, hatua kwa hatua, tena akiwa na mtu mzima anayemwamini.

Miaka hiyohiyo ya mwisho wa 1970 likaja dude lingine: The Incredible Hulk. Mwanaume wa kawaida akikasirika anageuka jitu la kijani, nguo zinachanika. Jitu lenyewe lilikuwa linasaidia watu. Wazazi wakawa hawaelewi, mbona mtoto analia wakati huyu ni mtu mwema? Fred Rogers akaenda mpaka wanaporekodi, na mwaka 1980 akawaonyesha watoto mwigizaji Lou Ferrigno akipakwa rangi.

Mtafiti Joanne Cantor wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alipowauliza wazazi ni nini kinawatisha watoto wao wadogo, wengi walimtaja huyo huyo Hulk. Kutokana na tafiti zake na wenzake tunajua mambo haya:

Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano anaamini zaidi anachokiona. Katika utafiti mmoja watoto walionyeshwa bibi, wengine wakamuona ana sura mbaya, wengine sura nzuri. Kuna aliyekuwa mkarimu na kuna aliyekuwa mkatili. Wadogo waliangalia zaidi sura. Wakubwa waliangalia zaidi matendo. Kwa hiyo ukimwambia mdogo "Hulk ni mwema", yeye anaona tu mtu amegeuka jitu mbele ya macho yake.

Halafu hili ndilo lililonichoma. Walichukua kipande cha yule mchawi wa 1939, wakawaambia watoto wakumbuke kuwa siyo kweli. Wa miaka tisa hadi kumi na moja walisaidika. Wa miaka mitatu hadi mitano, wapi! Yale maneno niliyomwambia binti yangu usiku ule yalikuwa dawa ya mtoto wa darasa la nne, na yeye alikuwa na miaka minne.

Basi mama, na baba unayesoma kimya kimya, ukiamshwa usiku:

1. Mdogo wa chini ya miaka saba: mkumbatie kwanza. Mpe maji, mfunike, kaa naye mpaka apumue vizuri. Maelezo baadaye.
2. Mchana mwonyeshe. Paka unga usoni, vaa khanga kichwani, nguruma, kisha jifute mbele yake. Naye apake. Akianza kulia, acha, jaribu siku nyingine.
3. Mkubwa wa miaka minane na kuendelea: mweleze, anaweza kukuelewa. Muulize linavyotengenezwa, atakufundisha wewe.
4. Usimcheke, usimwite mwoga mbele ya wageni. Na usimtishie "nitamwita zimwi" ili ale ugali, kisha usiku ushangae halali.
5. Akikojoa kitandani baada ya kutishwa, usimchape. Badilisha shuka, endelea na maisha. Woga ukizidi wiki kadhaa, au hali, halali, anagoma shule, mlete kliniki tuongee.

Zamani dude lilikuja na televisheni ya sebuleni, mzazi akiwa palepale. Leo liko kwenye simu uliyompa ili upike. Simlaumu mtu, na mimi nampa. Ila kaa karibu usikie anaangalia nini.

Binti yangu sasa ni mkubwa. Nilimuomba msamaha kwa zile asubuhi. Akaniambia hakumbuki zimwi lilikuwaje, anakumbuka tu nilivyofunga mlango.

Wiki ijayo: woga wa sindano. Niandikieni chini, wa kwako anaogopa nini? Usiku mwema.