Hukumu ya Sikio: Wapenzi wa Jazi wa Kakamega na Uhakiki wa Rekodi

Ikisiri

Makala haya yanatetea hoja kwamba mabishano ya wapenzi wa jazi wa Kakamega kuhusu rekodi wanazozisikiliza ni uhakiki wa muziki, wenye vigezo vyake na njia zake za kuthibitisha. Kwa mifano ya omutibo (mtindo wa gitaa kavu wa Waluhya), twisti na bendi za gitaa za katikati ya karne ya 20, yanaonyesha kuwa msikilizaji ana maarifa ambayo hayakuandikwa popote. Historia ya muziki wa magharibi mwa Kenya itabaki na mapengo hadi maarifa hayo yaandikwe, pamoja na mikinzano yake.

Utangulizi

Sahani ya santuri iliyotoka katika studio za Nairobi miaka ya 1950 na 1960 ilibandikwa karatasi ndogo ya duara katikati. Kwa kawaida karatasi hiyo ilitaja kampuni, nambari, wimbo na jina la mwimbaji au kundi. Mpiga gitaa la pili, waitikiaji na mgonga chupa mara nyingi waliachwa nje. Mtafiti anayeitegemea karatasi hiyo peke yake huandika historia ya watu wachache waliobahatika kutajwa.

Maarifa yaliyokosekana pale yalihifadhiwa na wasikilizaji. Walijua nani alipiga nini kwa sababu walimsikia mpigaji huyo kwenye harusi, matanga na klabu za busaa kabla hajaingia studio, na waliporudi kwenye rekodi walikuwa na kipimo cha kuilinganisha nayo. Ndiyo maana mazungumzo yao hayaishii kwenye "naupenda" na "siupendi". Yanauliza kama rekodi imemtendea haki mpigaji, kama aliyetajwa ndiye aliyepiga, na kama toleo la studio linafikia lile la uwanjani.

Katika makala haya, jazi ni muziki wa gitaa na dansi wa Afrika Mashariki na Kongo, uliobebwa na majina kama Dar es Salaam Jazz, Victoria Jazz, Shirati Jazz, African Jazz ya Joseph Kabasele na OK Jazz iliyoanzishwa Leopoldville mwaka 1956. Nimeujumuisha pia muziki wa gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, wa Waluhya, kwa kuwa wasikilizaji ni walewale na vigezo vyao huvuka mpaka kati ya aina hizi.

Gitaa kavu na masikio yaliyolilea

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na baadaye tawi lake likapita Luanda na Yala hadi Butere. Miaka ya 1930 dhahabu ya Kakamega ilivuta wachimbaji na vibarua kutoka mbali. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, askari wa King's African Rifles walirudi nyumbani wakiwa wameona miji na vyombo vya ugenini. Gitaa na gramafoni ziliingia katika jamii iliyokwisha kuwa na masikio makali. Waisukha na Waidakho walikuwa na isukuti, ngoma inayochezwa kwa seti ya ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, ambayo mwaka 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Aliyelelewa akizitofautisha sauti tatu za ngoma zinapokwenda pamoja hakupata shida kusikia kwamba gitaa moja linaweza kubeba sauti mbili.

Hapo ndipo omutibo ulipokutana na wasikilizaji wake. George Mukabi, mzaliwa wa Kisa, eneo ambalo leo liko Khwisero katika Kaunti ya Kakamega, alipiga kwa kidole gumba na cha shahada: gumba likitembea na besi, shahada ikiimba kwenye nyuzi nyembamba. Kando, mwenzake aligonga chupa ya Fanta kwa chuma. Mukabi alifariki mwaka 1963, angali kijana, lakini "Sengula Nakupenda" na "Mtoto si Nguo" ziliendelea kupigwa. Kule Bunyore, ambako hadi mwaka 1990 kulikuwa ndani ya Wilaya ya Kakamega kabla ya Vihiga kukatwa, Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola waliunda Abana ba Nasery na kuuendeleza muziki wa aina hiyo.

Wapenzi wa rekodi hizi huzipima kwa mambo matatu. La kwanza ni usemi wa gitaa. Gitaa linalosifiwa ni lile "linaloongea", yaani linalomjibu mwimbaji na kuumalizia mstari alioukatiza. Mpigaji mwepesi wa vidole ambaye gitaa lake halijibu kitu huhesabiwa kuwa fundi wa mikono tu. La pili ni chupa. Mgeni huisikia kama pambo, ilhali kwa mjuzi ndiyo inayoshikilia mwendo wote, na ikilegea wimbo umeharibika hata kama sauti ni tamu. La tatu ni maneno. Nyimbo nyingi za gitaa kavu hutoa maonyo kuhusu ndoa, malezi na tamaa, na msikilizaji huuliza kama onyo hilo lingesimama mbele ya wazee wanaojua maisha.

Vigezo hivi vinatumika hata nje ya omutibo. Chukua "Helule Helule" ya Daudi Kabaka, mmoja wa waimbaji waliovumisha twisti ya Kiafrika kupitia Equator Sound Studios ya Nairobi. Mwaka 1968 kundi la Kiingereza The Tremeloes liliurekodi upya wimbo huo, ukapanda katika chati za Uingereza. Anayepima kwa mauzo atasema toleo la London lilishinda. Kwa vigezo vya Kakamega, swali ni kama magitaa ya toleo la London yanajibizana na sauti au yanaisindikiza tu, na kama maneno yamebaki na mtu anayeyasema. Hilo ni swali la uhakiki, na halijibiwi kwa takwimu za maduka.

Upande wa pili wa sahani

Umbo la sahani lenyewe lilisaidia kukuza mabishano. Katika miaka ya 1970 nyimbo nyingi za rumba na benga zilitolewa kwenye sahani ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, na wimbo mmoja ukagawanywa pande mbili. Upande wa kwanza ulibeba hadithi na maneno. Upande wa pili ulikuwa wa magitaa, pale mwimbaji anaponyamaza au kubaki na mwitikio mfupi huku solo ikipanda. Katikati ya pande hizo mtu alilazimika kuinuka, kuinua sindano na kugeuza sahani.

Ukimya huo mfupi ulikuwa na kazi. Wasikilizaji walikuwa wameshasikia ahadi ya wimbo na hawajasikia utimizaji wake, hivyo walitabiri, walilinganisha na toleo la bendi nyingine, walipinga. Sahani ilipogeuzwa, muziki wenyewe uliamua kati yao. Naamini ni kwa sababu hiyo wapenzi wengi wa rika hilo huhukumu bendi kwa upande wa pili: pale ndipo wapigaji wasio na majina kwenye karatasi walipojitetea wenyewe. Toleo la leo linalouunganisha wimbo mzima katika mkondo mmoja linahifadhi sauti yote, lakini linaipoteza nafasi ile ya kusimama na kuhukumu.

Redio ilipanua baraza. Sauti ya Kenya, redio ya taifa, ilifikisha nyimbo katika nyumba zisizokuwa na gramafoni, na kadi za salamu ziliwawezesha wasikilizaji kutuma majina yao pamoja na ombi la wimbo. Kuomba wimbo fulani mbele ya taifa zima ni kutoa hukumu hadharani. Kufikia mwaka 1980 hukumu hizo ziligusa sera: Sauti ya Kenya ilitangaza kwamba robo tatu ya muziki wake ungekuwa wa Kenya, kisha agizo hilo likaachwa baada ya muda mfupi. Swali lililokuwa likibishaniwa vilabuni, kama magitaa ya Kongo yanaukuza au yanaumeza muziki wa nyumbani, lilikuwa limefika ofisini.

Swali hilo bado lina uzito Kakamega. Wapo wanaoona omutibo kama mtoto wa Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye "Masanga" yake ilirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 na kusikika kote Afrika Mashariki. Wengine husema mizizi iko kwenye litungu, ala ya nyuzi ya Waluhya, na isukuti, na gitaa lilikuja kukuta kazi tayari. Mabishano haya yanaweza kupimwa. Chupa ya omutibo ilinganishwe na mapigo ya ngoma ndogo ya isukuti, na gumba la Mukabi na gumba la Bosco, rekodi kwa rekodi. Msikilizaji mzoefu hufanya ulinganisho huo kwa sikio. Mtaalamu angepaswa kuanzia pale alipofika msikilizaji huyo.

Mashabiki waliounda taaluma

Kuna mfano wa kihistoria unaotuonyesha thamani ya mabishano ya namna hii. Mwaka 1932 wapenzi wa jazi ya Marekani waliunda Hot Club de France jijini Paris. Hawakuwa maprofesa wa muziki. Walikutana, walisikiliza sahani na kubishana nani anapuliza tarumbeta katika wimbo gani, kwa sababu karatasi za sahani za Marekani nazo ziliwaficha wapigaji. Mwaka 1936 mmoja wao, Charles Delaunay, alichapisha Hot Discography, kitabu kilichopanga rekodi pamoja na wapigaji wake. Leo hakuna mwanahistoria wa jazi anayeweza kufanya kazi bila orodha za aina hiyo. Taaluma nzima ilizaliwa kutokana na ubishi wa mashabiki.

Wapenzi wa Kakamega walikuwa na masikio ya namna hiyo na tatizo lilelile. Tofauti ni kwamba wa Paris walikuwa na jarida na mchapishaji, na kauli zao zikawa vyanzo. Kauli za huku zilibaki mdomoni, zikaitwa soga.

Watafiti nao walichangia hali hiyo. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba kuhusu Chemirocha, kiumbe aliyetokana na jina la mwimbaji wa Marekani Jimmie Rodgers, ambaye sahani zake zilikuwa zimefika kwao. Wimbo huo umesimuliwa duniani kama kioja. Waliouliza wasikilizaji wale walisikia nini hasa katika gitaa na sauti ya Rodgers ni wachache, ingawa wimbo wenyewe ni jibu lao kwa rekodi waliyoisikia.

Kazi ya kurekebisha hali hii imeanza. Ketebul Music ya Nairobi, chini ya Tabu Osusa, imechapisha rekodi na maelezo kuhusu historia ya benga na muziki mwingine wa Kenya. Ng'ambo, Olvido Records ya Marekani ilitoa mkusanyo wa nyimbo za Mukabi, Furaha Wenye Gita, mwaka 2017. Nazishukuru juhudi hizi. Hata hivyo, mkusanyo unaookoa sauti bila kuandika hukumu za waliozilea unaokoa nusu ya urithi.

Pingamizi na majibu

Pingamizi la kwanza ni kwamba kumbukumbu hukosea. Ni kweli, na ndiyo sababu ushahidi wa msikilizaji unapaswa kulinganishwa na rekodi, nambari za kampuni na kauli za wengine. Karatasi ya sahani nayo hukosea, lakini hakuna anayependekeza tuitupe.

Pingamizi la pili ni kwamba mashabiki husifu watu wa kwao. Mkisa humsifu Mukabi, Mnyore humsifu Shem Tube. Upendeleo huo upo, lakini huja na hoja, na hoja inaweza kujibiwa. Anayedai gumba la Mukabi halina mfano hulazimika kuonyesha ni katika wimbo gani na sehemu gani. Kwa kuwa mpinzani wake anaijua rekodi ileile, sifa tupu haziendi mbali.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi: baraza hili limekuwa la wanaume. Klabu ya busaa na meza ya baa ziliwapa wao nafasi ya kusema, huku wanawake wakisikiliza redio nyumbani, wakicheza, wakihukumu nyimbo ambazo mara nyingi ziliwazungumzia wao. Onyo la kiume kuhusu ndoa lilisikikaje kwa mke aliyekuwa jikoni? Bila jibu hilo kigezo cha maneno kimeandikwa nusu. Yeyote atakayekusanya hukumu za wasikilizaji aanze na wanawake wa umri huo, maana muda wao unapita.

Hitimisho

Nimedai kwamba mpenzi wa jazi wa Kakamega ni mhakiki, na kwamba kinachomkosesha hadhi hiyo ni kutoandikwa kwa kauli zake. Dawa yake iko ndani ya uwezo wetu. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro kiko mjini Kakamega. Mulembe FM na vituo vingine vinawafikia wasikilizaji kila siku kwa lugha zao. Shirika la Utangazaji la Kenya lilirithi kazi ya Sauti ya Kenya. Vyombo hivi vinaweza kuanzisha orodha ya rekodi za magharibi mwa Kenya ambamo kila wimbo una sehemu mbili: maelezo ya sahani, na hukumu za wasikilizaji waliotajwa kwa ridhaa yao. Wakikinzana kuhusu aliyegonga chupa, kauli zote mbili ziandikwe na sababu za kila upande zitajwe.

Orodha hiyo iandikwe kwanza kwa Kiswahili na kwa lugha za Kiluhya, kwa kuwa ndizo lugha ambazo kwazo hukumu hizo zilitolewa. Mtafiti wa Tokyo au Chicago akiihitaji, ataitafsiri na kututaja kama chanzo. Sisi tumekuwa tukisoma maelezo ya muziki wetu nyuma ya majalada yaliyochapishwa mbali, na wenye masikio yaliyoulea muziki huo wangali miongoni mwetu, tayari kuulizwa.