Kipindi cha 14: Baada ya Kuacha Chupa, Ni Nini Kinafuata?

Popote ulipo, iwe ni shambani, jikoni au ndani ya matatu, tega sikio. Leo sitazungumza juu ya malaria wala chanjo. Leo nitakusimulia historia, na mwishoni utaona ni kwa nini muuguzi ameamua kufundisha historia.

Siku moja ya kliniki ya presha, mama mmoja alikuja zahanati yetu. Nilipomaliza kumpima hakuinuka. Akaniambia, "Daktari," maana ndivyo wengi wanavyotuita sisi wauguzi huku mashinani, "kijana wangu ameacha pombe, huu ni mwezi wa tatu. Nilidhani nitafurahi. Lakini hasemi, hacheki, anashinda ameketi nyuma ya nyumba kama mtu aliyefiwa. Sasa huko ndiko kupona?"

Sikuwa na jibu la haraka. Lakini swali lake si geni. Kuna watu waliolijibu kwa maisha yao zaidi ya miaka 80 iliyopita, nao pia walikuwa walevi.

Katika jiji la New York, nchini Marekani, aliishi mwanamume aliyeitwa Bill Wilson. Alikuwa mtu wa biashara ya hisa, lakini pombe ilimnyang'anya kazi, heshima na afya, hata akawa anategemea mshahara wa mkewe, Lois, aliyekuwa akifanya kazi dukani. Alilazwa hospitalini kwa ajili ya ulevi zaidi ya mara moja. Huko alimpata daktari aliyeitwa William Silkworth, ambaye alimweleza kwamba ulevi wa namna yake ni ugonjwa, wala si ukosefu wa haya tu. Desemba 1934 Bill alitoka hospitalini, na hakunywa tena.

Miezi iliyofuata alizunguka akijaribu kuwaokoa walevi wengine. Aliwahubiria, akawakaribisha hadi nyumbani kwake. Hakuna hata mmoja aliyeacha! Bill akavunjika moyo. Ndipo mkewe alipomkumbusha jambo ambalo hakuwa ameliona: katika muda huo wote, yeye mwenyewe hakuwa amegusa pombe. Naye Dkt. Silkworth akamshauri apunguze mahubiri, aanze kwa kumweleza mgonjwa jinsi ugonjwa wenyewe ulivyo.

Mei 1935 Bill alisafiri hadi mji wa Akron, jimbo la Ohio, kwa shughuli ya biashara. Shughuli hiyo ikavunjika. Akabaki peke yake hotelini, mfuko ukiwa karibu mtupu, na kutoka upande wa baa akasikia vicheko vya wanywaji. Aliogopa. Badala ya kuingia baa, alishika simu akaanza kuwapigia watu wa makanisa ya mji ule, akiuliza kama kuna mlevi anayeweza kuzungumza naye. Hebu liangalie vizuri jambo hilo, mpenzi msikilizaji. Mtu aliyekuwa karibu kuanguka hakutafuta wa kumsaidia. Alitafuta wa kusaidiwa naye.

Simu hizo zikamfikisha kwa Dkt. Robert Smith, daktari wa upasuaji ambaye wengi humjua kwa jina la Dkt. Bob. Daktari huyu alikuwa mlevi wa miaka mingi. Tarehe 12 Mei 1935 walikutana. Dkt. Bob alikuwa amesema atatoa dakika 15 tu, kisha arudi kwake. Walizungumza kwa saa kadhaa, hadi usiku.

Kwa nini alikaa? Yeye ni daktari, alijua madhara ya pombe kuliko Bill. Mkewe alikuwa amelia naye, na maombi alikuwa ameombewa. Lakini Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wote waliomshauri hapo awali hawakuwahi kuubeba mzigo ule. Huyu aliubeba, na hakuja kulaumu. Alisimulia yake.

Safari haikunyooka moja kwa moja. Majuma machache baadaye Dkt. Bob alihudhuria mkutano wa madaktari, akanywa, akarudi nyumbani akiwa hoi. Bill hakumtupa. Tarehe 10 Juni 1935 Dkt. Bob alikunywa kwa mara ya mwisho, bia aliyopewa asubuhi ili mikono isitetemeke akifanya upasuaji. (Tafadhali usiige hilo nyumbani, nitaeleza.) Baada ya kazi hakurudi nyumbani upesi. Alipita mjini kwa watu aliokuwa akiwakwepa, akakiri makosa na kuahidi kuyatengeneza. Hakunywa tena hadi alipofariki mwaka 1950. Tarehe hiyo ya Juni ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, yaani kundi la walevi wasiotangaza majina yao. Siku hizi makundi yake yamo katika nchi nyingi, Kenya ikiwa mojawapo.

Mimi nikiwa muuguzi, namkumbuka zaidi mtu wa tatu. Katika Hospitali ya St. Thomas mjini Akron kulikuwa na mtawa, Sister Ignatia. Alikuwa mwalimu wa muziki hadi afya yake ilipovunjika, ndipo akapewa kazi ya kuandikisha wagonjwa. Wakati huo hospitali nyingi hazikutaka kulaza walevi. Agosti 1939 Dkt. Bob alimletea mgonjwa mmoja, naye akamwandikisha kwamba anaugua tumbo. Alimficha katika chumba kidogo cha kupangia maua. Kufikia mwaka 1950, yeye na Dkt. Bob walikuwa wamewahudumia walevi karibu 5,000. Waliokuja kuwatembelea wodini walikuwa walevi waliopona. Kila aliyeruhusiwa kwenda nyumbani alipewa beji ndogo, akaahidi kwamba siku akitaka kunywa, kwanza atairudisha kwa mtawa huyo. Beji si dawa. Lakini ilimwambia mtu kwamba kuna anayemngoja.

Je, waliopona walikuwa na furaha kila siku? La. Bill Wilson alipatwa na huzuni nzito kwa miaka mingi baada ya kuacha pombe. Kwa hivyo mama, kijana wako si wa kwanza. Chupa ilikuwa rafiki yake, saa yake na kazi yake. Ikiondoka huacha shimo, na shimo lisipojazwa na kitu chema, pombe itarudi kulijaza.

Hapa kwetu nasi tumepiga hatua. NACADA ilianza kazi mwaka 2001, na sheria ya mwaka 2012 ikaipa nguvu zaidi. Desemba 2014 dawa ya methadoni ilianza kutolewa katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, kwa waliotawaliwa na heroini, na mwaka 2015 huduma hiyo ikafika Malindi. Utakuta miongoni mwa wanaowatafuta wagonjwa mitaani na kuwaleta kliniki ni watu waliowahi kutumia wenyewe. Ni njia ileile ya Akron.

Basi shika mambo haya. Kwanza, aliyekunywa sana kwa muda mrefu asiache ghafla akiwa peke yake. Anaweza kupata degedege na hata kufa. Mpeleke hospitali. Pili, huzuni inayozidi majuma mawili nayo ni ugonjwa, itibiwe. Tatu, akianguka, usimfukuze. Nne, mpe jukumu linalohitaji mikono yake, na umkutanishe na waliomtangulia. Kwa ushauri, piga simu ya bure ya NACADA, 1192.

Yule kijana alikuja baadaye. Tulizungumza, nikamwandikia barua ya kwenda hospitali ya kaunti kwa sababu ya ile huzuni. Alipata tiba, akajiunga na kundi linalokutana Jumamosi. Bado ana siku za giza, na hazifichi. Lakini juzi alifika zahanati asubuhi kabla sijafungua mlango, akiwa amemshika mkono jirani yake aliyekuwa akitetemeka mwili mzima. Akaniambia, "Daktari, huyu niko naye. Mpime, mimi nitamngoja hapa nje."

Nilipotoka saa sita, alikuwa bado amekaa kwenye benchi.