Samaki wa Ikutha na Bahari Yetu

Ukimwambia mtu wa Pwani kwamba Ikutha kuna habari ya samaki, atacheka. Ikutha iko Kitui Kusini, nchi kavu, nchi ya mbuzi, pojo na asali. Lakini mimi naona habari hiyo inatuhusu sisi wa Malindi na Mambrui zaidi ya tunavyodhani.

Kwanza tuangalie hali ya nchi. Samaki huchangia chini ya asilimia 1 ya pato la Kenya, na wengi wao hutoka Ziwa Viktoria. Bahari yetu hutoa sehemu ndogo tu, kwa kuwa wavuvi wetu wengi huvua karibu na miamba, na kusi ikivuma vyombo hukaa pwani. Hata hivyo, sehemu hiyo ndogo ndiyo riziki ya mvuvi, mchuuzi, mama karanga na fundi wa madau.

Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa ya samaki sehemu nyingi za nchi. Bwawa moja lilipimwa mita za mraba 300, likatiwa vifaranga 1,000. Tupige hesabu. Likijazwa kina cha mita 1, linataka lita 300,000, yaani madumu 15,000 ya lita 20. Perege 1,000 wakifika robo kilo kila mmoja, ni kilo 250. Penye maji ni mavuno mazuri. Ikutha, ambako mto Tiva hukauka na akina mama hufukua mchanga kutafuta maji, watu wataulizana: dumu hili ni la samaki, la mbuzi au la mtoto?

Kwa maoni yangu, huko afadhali samaki wafugwe ndani ya malambo yaliyokwisha kuchimbwa kwa ajili ya mifugo. Vifaranga vitiwe mvua za Novemba zikijaza, wavuliwe kabla lambo halijakauka.

Kisha kuna Bwawa la Thwake, lililoanza kujengwa mwaka 2018 kwenye mto Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui. Limekusudiwa kushika maji meta za ujazo milioni 688. Likijaa, laweza kuwapa watu wa huko maji na samaki pia.

Lakini Athi huo ukiteremka huitwa Galana, kisha Sabaki, na humwaga maji yake baharini kaskazini ya Malindi. Tope lake likizidi huumiza matumbawe, lakini rutuba yake ndiyo chakula cha kamba wa ghuba ya Ungwana. Maji yakizuiwa kule juu, huku chini hali itabadilika, kwa kheri au kwa shari.

Siwaonei choyo ndugu zetu Wakamba. Wana haki ya maji hayo. Ninachoomba ni kwamba wakikaa kupanga maji yafunguliwe lini na kiasi gani, wavuvi wa Sabaki nao waitwe kwenye kikao.