Wapenzi wa jinsia moja na hofu ya zahanati mpakani Liboi

Liboi ni mji mdogo wa kaunti ya Garissa, karibu na mpaka wa Kenya na Somalia, katika njia waliyoipita maelfu ya wakimbizi kuelekea kambi za Dadaab tangu mwaka 1991.

Hadi Januari 2007, Kenya ilipoufunga mpaka huo, wageni walipimwa afya katika kituo cha Liboi kabla ya kupelekwa kambini. Kufungwa kwa kituo hicho kuliwaathiri wakimbizi wote. Kwa wapenzi wa jinsia moja na waliobadili jinsia, kuna kikwazo kingine: hofu ya siri kufichuka.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata huduma bora za afya, na kinakataza mgonjwa kunyimwa matibabu ya dharura. Lakini Kanuni ya Adhabu, iliyoachwa na serikali ya kikoloni, inaharamisha ngono ya jinsia moja, na adhabu yake hufikia kifungo cha miaka 14. Mei 24, 2019, Mahakama Kuu mjini Nairobi ilikataa kuifuta.

Hivyo mgonjwa huona ni salama zaidi kunyamaza. Katika kambi za Dadaab, wahudumu na wakalimani wengi ni wakimbizi wenyewe; neno linalosemwa mbele ya daktari huenda likasikiwa na jirani. Naye asiyejieleza hutibiwa nusu, kwani maambukizi ya zinaa ya koo au ya njia ya haja kubwa mara nyingi hayaonekani pasipo kupimwa.

Hofu hiyo haikuzuka bure. Februari 2010, umati ulikizingira kituo cha afya cha taasisi ya KEMRI huko Mtwapa, ukiwasaka wanaume walioshukiwa kuwa mashoga. Mwaka 2015, wanaume wawili waliokamatwa Kwale walipimwa sehemu za siri kwa amri ya mahakama ili kupata ushahidi. Machi 22, 2018, Mahakama ya Rufaa mjini Mombasa iliamua kuwa upimaji huo ulikiuka katiba.

Mwanzoni mwa mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, vituo kadhaa nchini vilivyowahudumia watu hawa kwa faragha vilifungwa. Ruhusa iliyotolewa Februari mwaka huo iliacha dawa za kuzuia maambukizi ya VVU kwa wajawazito na wanaonyonyesha pekee.

Madai yanayorudiwa na mashirika ya kutetea haki zao ni mawili: staha na usiri. Sheria ya Ukimwi ya 2006 na Sheria ya Afya ya 2017 tayari zinamlazimu mhudumu kutunza siri ya mgonjwa, awe raia au mkimbizi. Kinachosubiriwa ni sheria hizo kufuatwa ndani ya chumba cha matibabu.