Djibouti: Nchi ndogo iliyojitwika mzigo wa Somalia

DJIBOUTI, yenye eneo la takriban kilomita mraba 23,200, ingetoshea ndani ya jirani yake Somalia mara 27. Hata hivyo, tangu utawala wa Siad Barre ulipoporomoka Januari 1991, Wasomali wamekimbilia huko mara kadhaa kusaka mwafaka.

Jaribio la kwanza lilifanyika mwaka huo huo chini ya Rais Hassan Gouled Aptidon. Ali Mahdi Mohamed aliidhinishwa kuwa rais wa muda, lakini Jenerali Mohamed Farrah Aidid akakataa kumtambua, na kufikia Novemba mizinga ilikuwa ikinguruma Mogadishu.

Mrithi wa Gouled, Ismail Omar Guelleh, alibadilisha mbinu. Katika kongamano lililofunguliwa Arta mnamo Mei 2, 2000, wababe wa vita hawakupewa kipaumbele. Walioalikwa hasa ni wazee wa koo, viongozi wa dini, wafanyabiashara na wanawake. Viti viligawanywa kwa mfumo wa 4.5, yaani koo nne kubwa zikapata mgao sawa na jamii ndogo zikaambulia nusu. Mfumo huo, licha ya kulaumiwa kwa kuwadunisha wachache, uliendelea kutumika katika mabunge yaliyofuata. Agosti, bunge la wajumbe 245 lilimchagua Abdiqasim Salad Hassan.

Serikali yake haikufua dafu. Somaliland na Puntland zilisusia, na wababe waliopuuzwa wakaungana dhidi yake nchini Ethiopia mnamo 2001. Mazungumzo yakahamia Kenya mwaka uliofuata. Djibouti haikuwa na jeshi wala fedha za kumshurutisha yeyote, ingawa ni udhaifu huo huo uliowapa Wasomali imani kwamba mwenyeji wao, ambaye raia wake wengi ni Wasomali pia, hakunuia kuwatawala.

Wajumbe walirejea huko 2008 kwa upatanishi wa Umoja wa Mataifa, na Januari 2009 Sharif Sheikh Ahmed akachaguliwa rais katika mji mkuu wa Djibouti.

Ajabu ni kwamba mpatanishi huyo naye alihitaji kupatanishwa. Majeshi ya Djibouti na Eritrea yalipigana mpakani, eneo la Ras Doumeira, Juni 2008. Nchi nyingine ndogo, Qatar, ndiyo iliyowaleta pamoja 2010 na kutuma askari wake mpakani. Askari hao waliondoka Juni 2017, mzozo ukiwa haujatatuliwa.