Mashine Iliyofanya Tawakal

Kuna mashua moja inayovua kwenye ghuba ya Funzi ambayo ubao wake wa jina umechongwa vibaya. Jina ni TAWAKAL. Herufi tatu za kwanza zimenyooka kama za kitabuni. Kuanzia ya nne, neno lote limeteremka milimita 9, kana kwamba mchongaji alisinzia kidogo kisha akaendelea na kazi bila kuangalia nyuma. Ukimuuliza nahodha, atacheka, atakwambia, "Hiyo ni kazi ya kompyuta."

Kompyuta yenyewe ilikuwa yangu. Haya ni maelezo yangu kuhusu ubao ule, na itabidi nianze mbali kidogo, kwenye keke ya babu.

Babu alikuwa fundi wa mashua. Zana zake nyingi unazijua: tezo, msumeno, patasi, randa. Keke huenda hujawahi kuiona. Ni zana ya kutobolea mbao, na kila sehemu yake ina jina. Chuma chenye ncha kinaitwa kijuma. Kimepachikwa kwenye mti wa mviringo unaoitwa msukano. Juu yake kuna jivu, kishikio ambacho msukano huzungukia ndani yake. Halafu kuna uta, kama ule wa mshale, ambao kamba yake huzungushwa mara moja kwenye msukano. Mkono mmoja unagandamiza jivu, mwingine unavuta na kusukuma uta, na kijuma kinazunguka huku na huku kikila mti kidogo kidogo.

Zana ya namna hii ni kongwe sana. Makaburi ya Misri ya kale yana michoro ya maseremala wakitoboa kwa uta. Huku kwetu, mfanyabiashara mmoja wa karne ya 1 aliyeandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari za bahari hii alitaja vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, na mji wa Rhapta ulioitwa hivyo kwa sababu ya vyombo hivyo. Sasa fikiria: ubao haushoneki bila kutobolewa. Mtepe mmoja ulikuwa na matundu mengi ajabu, na kila tundu lilikuwa kazi ya mkono wa mtu. Misumari ilipochukua nafasi ya kamba, kutoboa hakukuisha, maana mti mgumu ukiupiga msumari bila kuutoboa kwanza unapasuka.

Nilipokuwa mtoto kazi yangu ilikuwa kushika ubao usicheze. Nilichokiona kila siku bila kukielewa ni kwamba babu hakuanza kwa mbio hata siku moja. Mivuto miwili mitatu ya kwanza ya uta ilikuwa ya pole, hadi kijuma kishike. Ndipo aharakishe. Akikaribia kutokea upande wa pili, anapunguza tena. Macho yake mara nyingi yalikuwa kwingine kabisa. Habari yote ilikuwa inampanda kupitia ule mkono wa jivu.

Nikakua, nikaenda Nairobi kusomea elektroniki, nikajiona nimefika.

Mashua ya mwisho ya babu ilikuwa ya ami yangu. Ilipokaribia kushushwa majini, ami alitaka ubao wa jina uliochongwa, si wa kupakwa rangi. Lakini mkono wa babu ulikuwa umeanza kutetemeka. Kukalafati aliweza bado, herufi hakuziweza. Alikuwa na kipande kimoja cha mvule alichokiweka darini miaka mingi, kikavu, hakina ufa. Nikamwambia, "Babu, niachie mimi. Nitachonga kwa mashine." Akanitazama, akasema, "Haya mjukuu wangu. Huo ndio uliobaki, lakini."

Mashine niliyokuwa nayo akilini ni meza ya CNC: kisu kinachozunguka kinabebwa na mota tatu, moja ya kushoto na kulia, moja ya mbele na nyuma, moja ya juu na chini. Kompyuta inazipa amri. Mota zenyewe ni za hatua, mafundi huziita stepa. Mota ya kawaida ukiipa umeme inazunguka tu mpaka uuzime. Stepa inaruka hatua moja, inasimama, inasubiri amri nyingine. Katikati ina sumaku yenye meno, pembeni ina koili zinazowashwa kwa zamu. Iliyo ya kawaida ina hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Tuma mapigo 200, itamaliza duara. Tuma 50, itasimama kwenye robo. Huhitaji kuipimia imefika wapi, unahesabu tu ulichotuma. Miaka ya 1920 manowari za Uingereza zilikuwa tayari zinatumia mota za namna hii kuelekezea silaha.

Kuna swali moja linalotaka akili, hata hivyo. Ikiwa mota moja inakwenda kulia tu na nyingine mbele tu, tena kwa hatua nzima nzima, utachongaje mstari wa mshazari, kama mguu wa herufi A? Babu angepiga uzi uliopakwa masizi, akamaliza. Mwaka 1962 Jack Bresenham, mfanyakazi wa IBM, alikuwa na tatizo hilohilo kwenye mashine ya kuchora iliyofungwa kwenye kompyuta. Kalamu yake ilikwenda kwa hatua tu. Akapata njia ya kuamua, katika kila hatua, ni mota gani isogee ili mstari usipotoke, kwa kujumlisha na kulinganisha namba nzima peke yake, bila sehemu wala desimali. Aliichapisha mwaka 1965. Kompyuta za wakati ule zilikuwa dhaifu, na uzuri wa njia yake ni kwamba hata kifaa dhaifu kinaiweza.

Kifaa dhaifu nilichokitumia mimi kina kisa chake pia. Katika mji wa Ivrea, Italia, uliojengwa na sifa za taipureta za Olivetti, kulikuwa na chuo kidogo cha usanifu. Mwaka 2003 mwanafunzi kutoka Kolombia, Hernando Barragán, alibuni hapo ubao wa elektroniki uitwao Wiring, ili wasanii wasiokuwa wahandisi waweze kuamuru taa na mota. Mwaka 2005 Massimo Banzi na wenzake wakatoa ubao wa bei nafuu zaidi juu ya wazo hilo, wakauita Arduino, jina la baa waliyokuwa wakikutania. Ramani zake waliziweka wazi, ndiyo maana nakala zake zimejaa kote, hadi Luthuli pale Nairobi, niliponunua yangu. Mwaka 2009 Simen Svale Skogseth wa Norwe akatoa bure programu ya GRBL, inayogeuza Arduino kuwa msimamizi wa mota tatu. Ndani yake imo hesabu ya Bresenham. Yote hayo yanakaa kwenye chipu yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32. Picha moja ya simu yako haienei humo.

Basi nikapanda matatu na mota tatu kubwa kwenye gunia, nikateremka Bodo, nikavuka. Ami akauliza kama nimeleta nanga.

Kosa la kwanza lilikuwa la kitoto. Mguu mmoja wa Arduino hauwezi kutoa zaidi ya milampea 40. Koili ya mota yangu ilitaka ampea 4, mara 100 ya hizo. Kwa hiyo katikati lazima kuwe na draiva, kifaa kinachosikia mnong'ono wa Arduino kisha kikafungulia umeme mkubwa kutoka kwenye betri. Nilikuwa nimeleta draiva ndogo, zile za printa za 3D. Zilichemka, zikajizima, mota ikabaki kunguruma papo hapo. Halafu nikachomoa waya wa mota umeme ukiwa bado umewaka. We acha tu. Koili haipendi kukatwa ghafla: umeme uliomo ndani yake hutafuta njia ya kutokea, na njia uliyoiona ni draiva yangu. Nikarudi Nairobi kuleta draiva za kweli.

Zilipofika, mashine ikatembea. Betri mbili za gari nilizifunga mfululizo zikanipa volti 24, na sola ikawa inazijaza mchana. Nilijaribu kwenye mti wa mwembe, herufi zikatoka safi. Watoto wakajaa mlangoni. Kwa kweli nilijiona bingwa.

Siku ya mvule nilichelewa kuanza. Jua lilikuwa limeinama, betri zimechoka. Ili niwahi, niliongeza mwendo, nikaongeza na ile namba inayoamua mota ifikie mwendo huo upesi kiasi gani. T ikatoka. A ikatoka. W ikatoka. Kisu kilipoinuka kuhamia herufi ya nne, mota ya mbele na nyuma ikatoa mlio wa ajabu, kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Nusu sekunde. Kisha mashine ikaendelea kuchonga kwa utulivu kabisa. Nilitazama kompyuta: vipimo sawasawa, hakuna kosa. Nilitazama ubao baada ya dakika kadhaa, nikahisi tumbo limeporomoka.

Sababu niliijua baadaye. Nguvu ya stepa hupungua kadiri inavyokimbia, kwa kuwa umeme haupati muda wa kujaa kwenye koili kabla ya zamu kubadilika. Volti kubwa husaidia kuujaza upesi, na mimi volti zangu zilikuwa zinashuka. Nikaiamrisha mota iruke kutoka kusimama hadi mbio, ikashindwa kuifuata zamu. Kwa skrubu yangu, milimita 1 ilikuwa mapigo 320. Milimita 9 ni mapigo 2,880. Arduino iliyatuma yote, ikayahesabu yote, wala hakuna aliyeyatii. Kwake yeye kazi ilikuwa imekwenda.

Mashine ya namna hii inahesabu amri, haihesabu matokeo. Ile mashine ya kwanza ya kukata chuma kwa amri za utepe, iliyoonyeshwa MIT nchini Marekani mwaka 1952 kutokana na wazo la John Parsons, ilikuwa na njia ya kujipima na kujirudi. Ilikuwa kubwa na ghali mno. Kilichofanya mashine hizi zifike mezani kwa mtu kama mimi ni kule kuamua kwamba tusipime, tuamini tu.

Tangu siku ile tabia hiyo naiona kwenye mambo mengine. Kusini ya Funzi, karibu na Vanga, unaanza mpaka wa Kenya na Tanzania. Waingereza na Wajerumani waliupanga kwenye karatasi mwaka 1886: kutoka mdomo wa mto Umba, mstari unapanda, unaizunguka Kilimanjaro, kisha unanyooka hadi ziwa Victoria. Waliochora hawakuhitaji kujua chini ya kalamu kuna nani. Wadigo, Wasegeju na Wavumba wakajikuta pande zote mbili, na mpaka leo watu wa huku wana wajomba na mashangazi ng'ambo ya mstari. Kwenye karatasi vipimo ni sawasawa, hakuna kosa.

Babu alikuja jioni ile na taa. Alipitisha kidole kwenye T, A, W, akafika pale palipoteremka, akarudi, akapita tena. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Akauliza, "Haikusikia?"

"Nini, Babu?"

"Kwamba imekosa."

Nikamwambia haina cha kusikilizia. Akanyamaza kidogo. "Basi imefanya tawakal kabla ya kufunga kamba," akasema. Halafu akataka niiwashe tena, bila kisu, itembee hewani. Akaweka kiganja juu ya ile mota. Nilipoirusha kwa mwendo wa siku ile, alitoa mkono kama aliyeguswa na moto. "Uta hauanzi hivyo, bwana."

Tukakaa hadi usiku, mimi nikipunguza namba, yeye kiganja juu ya mota, akisema bado, bado, bado, mpaka aliponyamaza. Namba aliyonyamazia ni robo ya ile niliyokuwa nimeweka. Ninaitumia hadi leo.

Siku hizi zipo stepa zenye kipimo nyuma yake, zinazojua zikikosa na kujirudi. Nimenunua moja, nadunduliza nipate nyingine mbili. Lakini hazirudishi mvule. Nilimwambia ami nitatafuta ubao mwingine, popote, bei yoyote. Alikuwa ameshika nyundo tayari. Babu alikuwa ametoboa matundu manne kwenye pembe za ubao, kwa keke, mkono ukitetemeka kwenye uta. Niliyapima kwa siri baadaye. Yote manne yalikuwa mahali pake.